Kitabu cha 1937, kijitabu cha Mombasa na barua kutoka London: theluthi ina mwenyewe?

Kisa hiki nimeruhusiwa kukisimulia na wote waliohusika, kwa sharti kwamba majina yao, jina la chuo na la kitabu yasitajwe. Miaka ya kitabu nimeisogeza kidogo kisitambulike, ila hesabu ya sheria inatoka vilevile. Mimi niliingia mwishoni. Niliitwa kama mhariri wa kupitia tafsiri, nikajikuta ndiye ninayeandika majibu ya barua.

Usuli

Chuo chenyewe ni vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la vitambaa, Mombasa. Kinafundisha upigaji picha kwa vijana wanaotafuta riziki ya harusi, hoteli na matangazo. Walimu ni wawili. Mmoja ni mzee aliyeanza kazi ya studio enzi za filamu na chumba cha giza. Nitamwita Ami, kama wanafunzi wanavyomwita. Wa pili ni kijana anayesimamia kozi, ratiba na mambo yote ya kompyuta. Ami hana mshahara pale, hulipwa kwa kipindi. Jambo hilo litarudi.

Studio aliyoitumikia Ami ilipofungwa, mwenyewe alimwachia sanduku la vitabu. Mchwa walivila karibu vyote, vikasalia viwili. Cha kwanza ni Pictorial Effect in Photography cha Henry Peach Robinson, kilichotoka London mwaka 1869. Nakala ya Ami si ya mwaka huo, bali ni chapa ya miaka ya 1970 iliyorudia kurasa za zamani kama zilivyokuwa na kuongezewa utangulizi wa mtaalamu wa wakati huo. Cha pili ni mwongozo wa kupanga picha uliochapishwa London mwaka 1937, mwandishi wake Mwingereza aliyefariki 1968. Nitakiita Kitabu cha 1937. Kina picha hamsini na kitu za wapiga picha mbalimbali, baadhi yao hawakutajwa, na michoro ya mistari yenye herufi mbili za mchoraji pembeni.

Kwa miaka kadhaa Ami alikuwa akitafsiri sura moja ya kitabu hicho kwenye daftari la hesabu, usiku, baada ya isha. Hakuna aliyemtuma. Aliniambia alitaka tu kuona kama Kiswahili kitayabeba yale maneno.

Yaliyotokea

Kijana aliliona daftari mezani, akalisoma hadi mwisho siku hiyohiyo. Katika wiki mbili alikuwa ameshalichapa lote kwenye kompyuta, ameskani picha 12 na michoro yote, na kubandika nembo ya chuo kwenye jalada. Kikatoka kijitabu cha kurasa 38. Nakala 60 zilichapwa katika duka la fotokopi, zikauzwa shilingi 300 kila moja, na PDF ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa sasa na wa zamani. Jina la mwandishi Mwingereza lilikuwepo. Jina la Ami halikuwepo popote.

Mmoja wa wanafunzi wa zamani anaishi Uingereza. Kwa nia njema kabisa alikipandisha kijitabu kwenye duka la vitabu la mtandaoni, akapanga bei, akakusudia kutuma pesa nyumbani kwa ajili ya taa za studio. Wakanunua watu 11. Wiki ya tano duka likakiondoa, na chuo kikapata barua pepe kutoka kwa wakala wa warithi wa mwandishi. Ilikuwa fupi na ya heshima, na ilitaka mambo matatu: kazi iondolewe kila mahali, itolewe hesabu ya mauzo, na chuo kieleze kilitafsiri kwa ruhusa ya nani.

Kijana alishikwa na hofu. Alifuta PDF, akafungia kabatini nakala 23 zilizobaki, na kwenye ratiba akafuta hata somo lenyewe la upangaji wa picha. Ami alipofika kufundisha akakuta hana kipindi.

“Ami, nisamehe. Kitabu kina wenyewe,” kijana alimwambia.

“Kitabu sawa, mwanangu. Lakini umefuta na somo. Theluthi nayo ina mwenyewe?”

Theluthi aliyoitaja ni ile kanuni ya wapiga picha: gawa picha mara tatu, kitu muhimu kikae kwenye mstari wa mgao badala ya katikati. Nilipoletewa faili niliona kwamba swali hilo la Ami ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza, kabla ya la wakala. Hatukuanza nalo, kwa sababu barua ilikuwa inasubiri.

Kuhesabu makaburi

Kazi ya hakimiliki ya vitabu vya zamani ni kuhesabu makaburi. Unahitaji kujua nani alikufa lini, na kitabu kina mikono mingi kuliko jina lililo kwenye jalada.

Tulianza na maandishi ya Kitabu cha 1937. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, Sura ya 130, inalinda maandishi kwa miaka 50 baada ya kuisha mwaka aliofariki mwandishi. Aliyefariki 1968 analindwa hadi tarehe 31 Desemba 2018. Kwa hiyo Kenya maandishi yale yalikuwa mali ya umma tangu Januari 2019, na tafsiri ya Ami, iliyochapwa Mombasa na kuuzwa Mombasa, haikuhitaji ruhusa ya mtu.

Uingereza ni habari nyingine. Kule muda ulipandishwa kutoka miaka 50 hadi 70 kuanzia 1996, kwa hiyo kitabu hichohicho kina wenyewe hadi mwisho wa 2038. Marekani hawahesabu kaburi kwa kitabu cha umri huo, wanahesabu chapa. Kilichochapishwa 1937, kikiwa cha nje na hakimiliki yake ikiwa imerudishwa chini ya sheria yao iliyoanza kazi 1996, kinalindwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2032. Na ulinzi unafuata mahali pa tendo, si mahali alipoketi mtafsiri. Kumuuzia mtu aliye London ni tendo la London. Mwanafunzi yule alibeba kitu halali Mombasa akakivusha maji, kikatua kikiwa si halali.

Picha zina hesabu yake. Sheria ya Kenya haiangalii mpiga picha alikufa lini, bali inahesabu miaka 50 tangu picha ilipopigwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa, lolote lililokuja mwisho. Picha za kitabu cha 1937 ziliachiwa huru hapa mwishoni mwa 1987. Kwa Uingereza ilitubidi tumjue kila mpiga picha na mwaka wake wa kufa, na nusu yao hawana hata jina. Tuliacha kuhesabu.

Michoro ya mistari ndiyo iliyotuumiza kichwa, na hakuna aliyeitarajia. Mchoro si picha ya kamera. Unahesabiwa kama maandishi, miaka 50 baada ya kifo cha mchoraji, na mchoraji wetu alikuwa herufi mbili tu. Angeweza kuwa kijana wa miaka 22 mwaka 1937 na kuishi hadi juzi.

Robinson alikuwa rahisi, maana alifariki 1901 na kitabu chake ni huru kila pembe tuliyoiwazia. Tatizo lilikuwa nakala ya Ami. Kijana alikuwa ameshapanga kijitabu cha pili chenye ule utangulizi wa miaka ya 1970 mwanzoni, kwa kuwa “kitabu ni cha 1869.” Kitabu ndiyo, lakini utangulizi una mwandishi wake, na hatukujua kama yu hai au la. Ukiwa hujui mwaka wa kifo, hesabu haina pa kuanzia. Tuliutoa.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa Ami mwenyewe. Tafsiri ni kazi mpya, na ina hakimiliki yake hata kama iliyotafsiriwa imeshakuwa huru. Kenya, kazi ukiifanya kwa kuagizwa au ukiwa umeajiriwa, haki huhesabiwa zimehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mkikubaliana vingine. Ami hakuagizwa na hakuwa ameajiriwa kwa mshahara. Daftari lilikuwa lake. Na hata haki za kuuza zinapohama, haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyefanya kazi inabaki kwako. Kwa hiyo wakati kijana anahangaika na warithi wa Mwingereza aliyekufa, mwenye haki aliye hai, anayepanda ngazi zilezile kila Jumanne, alikuwa amechapwa bila ruhusa na bila jina. Ami alilijua hilo siku ya kwanza alipoona jalada. Alikaa kimya miezi mitatu.

Majibu na maamuzi

Wakili anayeshughulikia hakimiliki alitupa saa moja. Alikubaliana na hesabu ya Kenya, na akatuonya tusiandike barua ya kuomba radhi kwa kila kitu, kwa sababu ungekuwa ukiri wa kosa ambalo kwa sehemu kubwa halikutendeka. Tukajibu kwa aya tatu. Mauzo ya nje yamesimamishwa, nakala zilizouzwa ni 11, mapato ni haya, na tuko tayari kuyatoa. Uchapaji wa Kenya umefanywa chini ya sheria ya Kenya, ambako muda umekwisha. Hatutauza tafsiri hii nje ya nchi kabla ya 2039 bila ruhusa. Wakala alijibu baada ya siku tisa kwamba wateja wake wameridhika. Mapato ya nakala 11 hakuyadai.

Nakala 23 zikatoka kabatini. Ami na chuo wakaandikiana ukurasa mmoja na kuutia saini: tafsiri ni yake, chuo kina ruhusa ya kuichapa, jina lake likae kwenye jalada, na apate robo ya mauzo. Kijana alitaka kuomba radhi kwa maneno marefu. Ami akamwambia andika mkataba, maneno baadaye.

Uamuzi uliobaki ndio uliotugawa: tuchape tena tafsiri, au tuandike kijitabu chetu? Mimi nilikuwa upande wa tafsiri, kwa sababu ilikuwa Kiswahili kizuri mno kukiacha. Kijana alitaka kitu ambacho hakuna wakala angeweza kukigusa, kiuzwe popote. Kilichotuamulia hakikuwa sheria.

Karatasi ya kanuni

Katika ile wiki ya hofu, kijana alikuwa ametengeneza kitu cha kujazia pengo: karatasi moja, kanuni kumi, bila sentensi hata moja ya Kitabu cha 1937. Weka kitu muhimu kwenye theluthi. Upeo usikate picha katikati. Tafuta mistari inayoongoza jicho. Kundi la watu lipange kama piramidi. Na kadhalika.

Kisheria karatasi ile ilikuwa safi. Hakimiliki hulinda jinsi jambo lilivyoelezwa, hailindi jambo lenyewe, wala mbinu, wala utaratibu wa kufanya kazi. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki na haki zinazofanana nayo, unasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 9. Mfano ninaoupenda ni wa zamani na hauhusu picha kabisa. Ni kesi ya Baker dhidi ya Selden katika Mahakama ya Juu ya Marekani, inayowekwa kwenye kumbukumbu za 1879. Selden alitunga kitabu cha utaratibu mpya wa kuweka hesabu za fedha, na Baker akauza madaftari yenye utaratibu unaofanana. Mahakama ikasema kitabu ni chako, utaratibu si wako.

Basi jibu la swali la Ami ni hapana, theluthi haina mwenyewe. Angekuwepo, angekuwa John Thomas Smith, mchoraji wa London aliyeipa jina hilo katika kitabu chake cha 1797 kuhusu mandhari ya mashambani, kabla ya kuwepo kamera ya kupigia picha. Na Smith hakuzungumzia zile nukta nne inapokutana mistari ambayo simu yako inakuchorea kwenye kioo. Alizungumzia mgao: jambo moja litwae theluthi mbili, jingine theluthi moja, mbingu na ardhi zisigawane nusu kwa nusu kama warithi wanaogombana. (Hao warithi ni wa kwangu, Smith hakuwataja.)

Karatasi safi ikapelekwa darasani. Wanafunzi 14 walitumwa Mji wa Kale na kivuko cha Likoni. Picha zilizorudi zilikuwa kama zimepigwa na mtu mmoja. Mlango wa nakshi upande wa kushoto kwenye theluthi, ukuta mtupu kulia. Feri kwenye mstari wa chini, mbingu juu. Msichana mmoja aliiweka feri sawasawa kwenye nukta, na pembeni kabisa, nusu imekatwa, akaonekana mama mwenye ndoo kichwani akikimbilia lango linalofungwa. Picha ilikuwa pale, nje ya kanuni. Ami aliitazama, akasema, “Jicho limekwenda lilikoambiwa liende. Halikukuta mtu.”

Wiki iliyofuata Ami alirudi na daftari lake. Kitabu cha 1937 hakitoi orodha. Mwandishi anachukua picha mbili zinazokaribiana, anauliza kwa nini moja imetulia na nyingine inavuta pembeni, anajibu, anajipinga, anarudi. Ami alisoma kurasa sita kwa sauti, kisha akatandaza picha za wanafunzi mezani na kufanya jambo ambalo halimo kitabuni. Alifunika sehemu ya picha kwa kidole gumba na kuuliza: “Nikikitoa hiki, picha imepoteza nini?” Kama haikupoteza kitu, kwa nini kiliingia? Msichana wa feri alifunika feri kwa gumba lake mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu.

Sitaki kuikandamiza karatasi. Haikuwa utafiti, walikuwa watu 14 na alasiri mbili. Na kuna mahali karatasi iliwashinda wote. Wanafunzi watatu waliokosa siku ya kwanza walikuja ya pili bila kanuni yoyote, na wakaleta bahari iliyolala upande na watu waliokatwa vifundoni. Kanuni inakuokoa na aibu. Harusini, jamaa ishirini wanapokupa dakika mbili kabla chakula hakijapoa, piramidi ya Robinson ni baraka: wazee wakae, warefu wasimame nyuma, bwana na bibi harusi katikati, piga. Hakuna muda wa falsafa. Robinson mwenyewe alizichota kanuni hizo kwa wachoraji wa rangi, na hakuona haya kuitengeneza picha mpaka ikubali. Picha yake ya 1858 ya binti anayekufa, Fading Away, ameiunganisha kutoka negativu tano, yaani vipande vitano vya kuchapia picha. Ami alicheka nilipomwambia. Studio za pwani zilikuwa zikiunganisha negativu vilevile. Pale Lamu, Bakor Studio ilijulikana kwa picha hizo.

Mpinzani wa Robinson alikuwa Peter Henry Emerson, aliyetoa kitabu mwaka 1889 akitaka picha zifuate macho yaonavyo badala ya kanuni za wachoraji. Haukupita muda akayakana mengi ya aliyoyaandika. Darasani tuliwatumia wote wawili, kwa sababu wanafunzi walivutiwa na ugomvi wao kuliko na kanuni.

Kilichofaulu, kilichoharibika

Kwangu mimi kisa kizima kimo katika ajali moja. Sheria ilitulazimisha kutenganisha kitu cha bure na kitu chenye mwenyewe, na tulipovitenganisha tukaona darasani kwamba kile cha bure, kanuni kumi, ndicho kilichofundisha kidogo. Kilichofundisha ni maelezo: mtu mmoja akifikiri mbele yako kwa maneno yake na mifano yake. Hicho ndicho sheria inachokilinda. Mwanzoni niliona mpaka huo ni ukiritimba tu wa mawakili.

Kosa la kijana halikuwa kuchapa, bali kuchapa kabla ya kuuliza maswali manne ambayo yangemchukua alasiri moja: nani aliandika, nani alipiga picha, nani alichora, nani alitafsiri. Kosa la pili, zito zaidi, ni kufuta somo kwa sababu ya kitabu. Nimewaona walimu wengine wakifanya hivyo hata kabla barua haijafika, wakiogopa kufundisha kitu walichokisoma mahali. Kosa langu ni kwamba nilitumia siku nne kwa wakala na nusu saa kwa Ami, na Ami ndiye aliyekuwa na hoja kubwa zaidi.

Jibu la barua lilifaulu kwa kuwa lilitenganisha nchi na nchi. Kama tungekiri yote tungepoteza haki tuliyonayo nyumbani, na kama tungekataa yote tungemwacha mwanafunzi wa Uingereza peke yake.

Kijitabu kipya kina kurasa 44. Maandishi ni ya Ami na ya kijana. Kila sura ina picha mbili za wanafunzi zinazokaribiana na swali la kidole gumba. Sura moja ya Robinson imetafsiriwa nzima mwishoni. Michoro imechorwa upya juu ya picha zetu, herufi mbili zimepumzishwa. Kimesajiliwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si kwa sababu usajili ndio unaoleta haki, bali safari hii tulitaka karatasi yenye tarehe.

Kuna picha moja ya Kitabu cha 1937 ambayo Ami alikataa kuiacha. Ni jahazi linatweka tanga, mpiga picha hakutajwa, mahali hapakutajwa. Ami anaapa ni Bandari ya Kale, anaonyesha ukuta nyuma ya mlingoti. Kenya picha hiyo ni huru. Kwingine hatujui. Basi imo kwenye kitabu cha karatasi, ukurasa wa 17, na chini yake imeandikwa “mpiga picha hajulikani.” Kwenye PDF inayouzwa nje, ukurasa wa 17 una kisanduku kitupu. Wasomaji wawili wameshatuandikia kuuliza kama faili limeharibika.